Sweta ya Mama Iliyotoa Cheche

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, sweta ya marehemu mama yangu iliniuma. Nasema iliniuma, maana ndivyo nilivyolijua jambo lenyewe wakati huo, na sijapata neno bora zaidi ingawa sasa nafundisha fizikia na maneno ninayo mengi.

Mama alifariki kabla ya Krismasi, tukamzika nyumbani, upande wa Kakamega. Kwetu nguo za marehemu hufungwa pamoja ndani ya gunia, zikakaa hadi siku ukoo utakapoketi kuzigawa. Anayechukua kitu kabla ya siku hiyo amemwibia marehemu, na marehemu hudai chake. Nilijua hayo. Hata hivyo, asubuhi ya kurudi Nakuru niliingiza mkono kwenye gunia, nikatoa sweta yake ya kijani ya nailoni, nikaificha chini ya vitabu vyangu. Ilikuwa bado na harufu ya mafuta yake ya nywele. Sikutaka kingine.

Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alirudi nasi Nakuru, mtaa wa Section 58, kunilea, kwa sababu baba alifanya kazi ya zamu kiwandani. Kila asubuhi kabla ya chai alinipa mkono na salamu ya kwetu, "Mulembe, Nekesa," na hakuuachilia mkono wangu mpaka amalize kuniuliza nimelalaje.

Basi ikaja Januari ya Nakuru, na vumbi jeupe la ziwani, na midomo kupasuka. Jioni nilikuwa naivaa sweta kitandani, chini ya blanketi, kabla Kukhu hajaja tusali. Siku moja stima ilipotea nikiwa nimeivaa. Nikasikia hatua zake, nikaanza kuivua haraka. Ikalia ta-ta-ta, na gizani nikaona cheche za bluu zikikimbia mikononi mwangu. Kukhu alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nekesa, hiyo sweta umetoa wapi?"

"Ni ya mama."

"Nani alikupatia?"

"Nilichukua tu, Kukhu."

Alinyoosha mkono anivute. Kabla vidole vyake havijanifikia vizuri, cheche iliruka kati yetu, tukapiga kelele sote wawili.

"Rose," aliliita jina la mama polepole, akitazama juu ya kichwa changu. "Hata mimi hutaki nimshike?"

Tangu kesho yake hakunigusa. Hakunichukia, nataka hilo lieleweke. Alinipikia, aliniombea, alinipakulia mboga kupita kiasi. Lakini kikombe alikiweka mezani nikichukue mwenyewe, na salamu ya asubuhi aliitoa mikono ikiwa imefichwa ndani ya leso. Sweta aliifunga kwenye mfuko, akaiweka juu ya kabati.

Mama hakukaa kabatini. Nilipotoka kwenye blanketi na kushika komeo la mlango wa chuma, alikuwa pale. Niliinuka kwenye kiti cha plastiki nikamgusa baba, naye akaruka: "Wewe una nini?" Sikumwambia. Nikawa nanong'ona "pole, mama" kabla ya kufungua mlango wowote. Baadaye, na hili sijawahi kumwambia mtu, nikaanza kuusubiri ule uchungu. Katika nyumba ile hakukuwa na mwingine aliyekuwa akinigusa.

Aprili shule zilipofungwa, tukairudisha sweta nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu, hata kuta zilikuwa na unyevu. Nguo ziligawiwa, na wazee wakaamua sweta nipewe mimi, safari hii kwa haki. Shangazi alinivalisha mbele ya watu. Haikulia. Kukhu akanisogelea, akanigusa shavu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi. Hakuna kitu. Akanikumbatia kwa nguvu, akalia.

"Amekuachilia, mtoto wangu. Asante Yesu, amekuachilia."

Watu wakaanza kuimba. Mimi nililia kuliko wote, wakadhani ni furaha. Nililia kwa sababu mama alikuwa ameondoka kweli.

Leo wanafunzi wangu huwa wanacheka nikisugua rula ya plastiki kichwani na kuokota nayo vipande vya karatasi. Nawaeleza kwamba vitu viwili vikisuguana, chembe ndogo za umeme huhama, kimoja kikabaki na ziada na kingine na upungufu. Hewa kavu haizipi njia ya kutoka, kwa hivyo hukaa mwilini zikingoja chuma au mkono wa mtu. Penye unyevu huvuja kimyakimya, na hakuna anayejua. Nayajua hayo kama jina langu. Bado Januari, sweta ikinilialia ninapoivua, moyo wangu husimama.

Miaka michache iliyopita nilimweleza Kukhu haya yote, nikamwonyesha kwa rula na vipande vya karatasi. Alikuwa amezeeka sana, nami nilijiona nimesoma. Nilidhani namtua mzigo. Alinisikiliza hadi mwisho, akabandua karatasi iliyonata kwenye rula, akaigeuzageuza.

"Kwa hivyo haikuwa Rose?"

"Haikuwa yeye, Kukhu. Ni hewa tu ilikuwa imekauka."

"Na kama ningekushika tena?"

"Ungeumwa kidogo, halafu basi."

Aliirudisha karatasi kwenye rula. Nje mjukuu mwingine alikuwa akifukuza kuku.

"Mtoto amefiwa na mama yake," alisema, "na mimi nikakaa miezi mitatu bila kumshika. Bure."

Nilijaribu kumwambia yamepita, akaitikia kwa kichwa tu, kwa heshima, kama mtu anayefarijiwa na mgeni. Alifariki mwaka uliofuata. Kila nilichomwambia siku ile kilikuwa kweli, na ningeweza kukithibitisha mbele ya darasa lolote. Natamani ningemwacha aamini kwamba ni mama aliyemkataza.