Nililala Kwenye Maombi ya Toba

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Gashoho, maana huko wanaisimulia mpaka sokoni: mimi, mwalimu wa Shule ya Jumapili kule Makebuko, niliaibika mbele ya kanisa zima, na wa kumlaumu ni kiburi changu tu.

Ulikuwa mkutano wa makanisa yetu, na mi nilitoka Makebuko alfajiri, nikapanda basi Gitega mpaka Muyinga, kisha pikipiki mpaka Gashoho (vumbi, usiseme), nikafika macho yanafumba kwa usingizi. Kaka yangu Zakaria anasali kanisa hilo. Tulikuwa hatusemezani tangu alipomzika mama yetu bila kunisubiri, na mimi nilishamsema vibaya Makebuko yote.

Ikafika saa ya toba, mchungaji akasema kila mtu aombe pale alipo. Pale alipo, alisema wazi! Lakini nikamwona Zakaria upande wa wanaume, nikajisemea, leo ataona nani kati yetu anamjua Mungu, basi nikainuka, nikaenda mpaka mbele, nikapiga magoti, nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kwaya ilikuwa inaimba polepole, na toba yangu haikufika hata sentensi ya pili.

Nikalala fofofo.

Yaliyofuata nilihadithiwa. Watu walimaliza kuomba wakakaa, mimi bado nimeinama, mchungaji akasema, "Ndugu, mnaona moyo uliovunjika?" Akina mama wakaanza kulia, wengine wakaja mbele, na Zakaria naye akaja, akapiga magoti kando yangu, akaniwekea mkono begani na kusema mbele ya wote, "Dada, nilimzika mama bila kukungoja. Unisamehe."

Mimi, kwa kuguswa bega, nikakurupuka na kupaza sauti: "Shofa, nishushe hapa!"

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji naye akajifunika uso kwa leso. Zakaria hakucheka. Alidhani namdhihaki, akatoka nje.

Ningeweza kusema nilikuwa katika maono (msicheke, wazo hilo lilinijia kweli). Lakini nikamfuata, usoni nimechorwa alama za mkeka, nikamkuta ameshika baiskeli yake anataka kuondoka.

"Kaka, sikukudhihaki. Nililala."

"Ulilala? Si ulikuwa unatubu?"

"Nilikwenda mbele ili unione. Usingizi ukanichukua."

Akaniangalia sana. "Kwa hiyo yale nimesema, hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

Akaegemeza baiskeli ukutani. "Bon, haya. Mi nitasema tena."

Akarudia, kwa sauti ndogo, hakuna wa kutusikiliza ila mbuzi wa mchungaji. Nami nikamwambia yote niliyomsema Makebuko, moja moja, nimesimama juani, machozi na kamasi pamoja. Nilipomaliza akasema tu, "Twende." Akanipeleka kwenye kaburi la mama, ambalo nilikuwa sijawahi kuliona.

Tangu siku hiyo, wakisema tuombe kila mtu alipo, mi naomba nilipo. Na kama kuna mtu niliyemkosea, namtafuta kwanza, kisha ndiyo naingia kanisani.