Pikapu ya Makufuli Mawili

Watu wa Mhunze wakimtaja Thobias Ngeleja humtaja kwa ile pikapu, na wakishamaliza kumtaja hugeuka kunitazama mimi. Basi acheni niseme mwenyewe. Nusu ya gari lile ilikuwa yangu, na mdomo ninao.

Thobias alikuwa katibu wa chama cha pamba. Vyama vilivunjwa mwaka wa sabini na sita, lakini sisi tuliendelea kumwita Katibu. Ghala la chama lilikuwa na makufuli mawili: ufunguo mmoja wa katibu, mwingine wa mweka hazina, na hakuna aliyeweza kufungua bila mwenzake kuwapo. Msimu mmoja magunia mapya yalipotea humo, tena makufuli yote mawili mazima, hayana hata mkwaruzo. Katibu akakaa mahabusu miezi minne. Baadaye ikajulikana kwamba mweka hazina aliukandamiza ufunguo wa mwenzake kwenye kipande cha sabuni, akaenda kuchongesha wa kufanana nao. Thobias akatoka, amekonda, hasemi na mtu.

Tangu hapo alifunga kila kitu. Baiskeli yake aliifunga kwa makufuli mawili hata akiwa amekaa hatua tatu kutoka ilipo. Pipa la maji lilikuwa na kufuli. Mimi nilimtania kwamba ipo siku atamfunga kufuli mkewe Klara, naye hakucheka. Lakini nisijifanye mwema. Mimi Mwahija, ambaye hapa huitwa Mama Mwanaidi, babu zangu walitoka Ujiji, na marehemu mume wangu alipofariki shemeji zangu walinidhulumu nyumba pamoja na milango yake. Nilianza upya na kilo za mchele na doti za vitenge. Mtu akinichekea nilikuwa natafuta kwanza anachotaka.

Mwaka wa themanini na nne serikali iliruhusu mwenye fedha zake nje alete bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mimi nilikuwa na kaka yangu Maskati, Thobias alikuwa na ng'ombe wa babake. Tukakubaliana kununua pikapu mpya ya dizeli, nusu kwa nusu, majina yote mawili kwenye kadi. Mimi nilitaka kupeleka mchele na vitenge kwa wachimbaji dhahabu wa Rwamgasa, maana kule mtu hana muda wa kulima. Thobias alisema anataka kubeba pamba. Alilotaka hasa nililijua, na kila mtu alilijua.

Klara alikuwa amezika watoto wawili. Kwa wote uchungu ulimshika hapa Mhunze, kwa wote alipelekwa Shinyanga kwa mkokoteni wa ng'ombe, na wote hawakufika. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Katika nyumba ile mimba haikutajwa. Ukishapoteza wawili, wa tatu husemi habari zake, hununui nguo zake, humwiti mama yako waziwazi aje akupokee, usije ukamwita mwenye jicho baya. Klara alivaa kanga tatu tatu, nasi tukazungumza naye habari za mvua. Ila gari lile lilikuwa la mtoto yule. Lazima lifike kabla yake, na siku yake liwe tayari kuondoka.

Tulikwenda Shinyanga kwa Jafferali, mfanyabiashara aliyekuwa akiagiza magari kutoka Dubai. Alitufungulia kitabu chenye picha, akaanza kuuliza. Bodi fupi au ndefu? Tangi moja au mawili? Springi za kawaida au za kuongeza? Winchi? Bampa la chuma? Mimi nilitaka bodi ndefu, springi za kuongeza, na tangi la pili, kwa kuwa barabara ya Geita unaweza kukaa siku mbili hujaona dizeli. Katibu akaniangalia kwa jicho la pembeni. Akauliza tangi la pili ni la nani kwenda wapi. Nikamjibu kwamba ni la gari kwenda linakopelekwa. Jafferali akamimina chai, akatuacha tuchoshane.

Kisha Thobias akaweka kidole kwenye picha ya turubai lenye madirisha, na benchi lenye godoro ubavuni mwa bodi. Akasema hayo anayataka. Nikamwuliza benchi la nini kwenye gari la mizigo, mchele haukai kwenye kiti. Akasema watu huugua. Nikasema mgonjwa hulazwa juu ya magunia na hufika. Nilijua fika benchi lile lilikuwa la nani, tena nilijua hawezi kulisema mbele ya Jafferali, na kwa sababu hawezi nikambana. Nilihofu likishakuwa na benchi, gari litakuwa la ukoo wao, kila mwenye kuumwa kidole atapandishwa. Tukatoka na turubai, benchi tukaliacha. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Pikapu ilifika miezi minne baadaye, nyeupe, ina harufu ya mpira mpya. Hata vumbi la Mhunze ilikuwa haijalijua, tukaipeleka moja kwa moja kwa Cornel, fundi wa kuchomelea karibu na stesheni ya Shinyanga. Wengine wakinunua gari jipya wanaanza na redio. Sisi tulianza na kufuli. Thobias alikuwa ameshachora kwenye daftari: chuma kipite katikati ya rimu ya gurudumu la nyuma, kizunguke ekseli, ncha zake zikutane ndani ya kikombe cha chuma, na humo yakae makufuli mawili, lake na langu. Nyundo haiingii humo, unaingiza vidole na ufunguo tu. Juu ya nati za gurudumu pawe na bamba, asije mtu akalitoa gurudumu lote.

Chuma alichokichora kilikuwa nondo ya kawaida. Mimi ndiye niliyesema nondo hukatwa, kiwe chuma cha springi ya lori. Katibu alinitazama kwa heshima siku ile, mara ya kwanza na ya mwisho.

Cornel alipomaliza alijifuta jasho, akazunguka gari mara mbili. Akatuuliza: "Na siku mmoja wenu hayupo?"

Thobias akasema basi gari litamngojea. Nami nikasema ndiyo maana yake.

Tulifanya kazi wiki kadhaa, yeye akiendesha, mimi nikiwa pembeni yake, kila mmoja na ufunguo wake. Jioni tulikuwa tunainama pamoja kwenye gurudumu, tunafunga, kila mmoja analitikisa kufuli la mwenzake kidogo. Watoto wa shule waliigiza mchezo wetu.

Siku moja konda wa basi la Geita, mteja wangu wa vitenge, alinionyesha barua. Katibu amempa ampelekee mtu wa Rwamgasa, jina lake Donatus, na amemwomba asimwambie mtu. Niliichukua. Niliifungua kwa mvuke wa sufuria, na baadaye niliibandika kwa ugali, nikamrudishia konda aipeleke. Iliandikwa: Donatus, nitakuja na gari tarehe ishirini na mbili. Uwe tayari. Usimwambie mtu.

Nilimwuliza konda huyo Donatus ni nani. Akasema ni mchimbaji, ana shimo lake, na safari hii anasikia limetema dhahabu. Nikaona kila kitu: dhahabu chini ya magunia yangu, polisi njiani, jina langu kwenye kadi, na mimi ndani miezi minne kama yeye, au miaka. Aliyefundishwa wizi na chama, nikasema moyoni, sasa anafundisha gari langu.

Tarehe ishirini asubuhi nikapanda basi kwenda kumwona huyo Donatus kabla yake. Niliaga nyumbani kwamba nakwenda Shinyanga kwa shangazi yangu, kuna msiba. Thobias akaja kituoni, jambo ambalo hajapata kulifanya. Alisimama karibu na mlango wa basi, kofia mkononi.

"Mama Mwanaidi, niachie ufunguo wako. Siku mbili tatu tu."

"Wa nini?"

Akageuka kutazama upande wa nyumbani kwake. "Kuna haja."

"Haja gani, Katibu? Itaje."

Akairudisha kofia kichwani. Mwenye haja ya kweli husema, nikawaza, huyu anamwogopa nani? Nikaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, mbele ya macho yake. Miezi ya Klara nilikuwa nimeihesabu kimyakimya kama wanawake wote wa pale, na kwa hesabu yangu bado mwezi mzima.

Rwamgasa nilifika kesho yake mchana. Nilipita kwenye mashimo nikiuliza, watu wana tope mpaka kwenye nyusi, kila mmoja ananiuliza namtakia nini Donatus, nami namwuliza yeye anaulizia nini. Mwishowe nikaonyeshwa kibanda. Nje alikaa mama mzee juu ya furushi lililofungwa vizuri, kando yake kuku wawili wamefungwa miguu. Donatus akatoka akijifuta mikono. Ana pua na paji la uso la Klara, hata asingesema ningejua.

Akaniamkia shikamoo. Akasema shemeji yake Katibu alishamwandikia tangu mwezi uliopita kwamba atamfuata mama yao, wamemtoa Buseresere juzi, ila hawakusema kwa mtu kwa ajili ya hali ya Klara. Akachungulia nyuma yangu, akauliza gari nimeliacha wapi.

Nilimwambia tu kwamba nitakwenda na mama mwenyewe, twende sasa hivi. Tulidandia lori mpaka Geita, kesho yake tukavuka kivuko, tukalala Mwanza kwenye kituo cha basi tumeegemea furushi. Bibi yule alijua Kizinza na Kiswahili kidogo. Kila mara alinipapasa mkono akisema ahsante, mwanangu, kwa kunifuata. Mimi nilikuwa nimeushika ufunguo ndani ya pindo mpaka ukaniachia alama kiganjani.

Tarehe ishirini na tatu mchana tukafika Mhunze. Pikapu ilikuwa palepale uani kwa Thobias. Chini ya gurudumu kulikuwa na vipande vya misumeno ya chuma, nilivihesabu tisa, na shoka lililopinda makali. Chuma cha springi kilikuwa na mikwaruzo tu. Niliinama nikaingiza vidole ndani ya kikombe. Kufuli lake lilikuwa wazi, linaning'inia. Langu lilikuwa limefungwa.

Majirani walinieleza. Uchungu ulimshika Klara siku iliyopita alfajiri, basi limeshaondoka. Trekta la kijiji lilikuwa bovu. Thobias alimtuma mtu kwa baiskeli Shinyanga kwa shangazi yangu aufuate ufunguo, mwenyewe akaanza kukata chuma. Alikata mpaka alasiri. Mwenye baiskeli akarudi kusema amefika kwa shangazi, shangazi mzima, hapana msiba wowote, wala mimi hawajaniona. Hapo ndipo Katibu alipoitupa misumeno, akafunga ng'ombe. Mtoto wa kike alizaliwa juu ya mkokoteni kabla ya Maganzo. Alilia. Waliofuata kwa miguu wanasema alilia vizuri kabisa, kisha njiani akanyamaza.

Nilifungua kufuli langu. Nilikoma kuona vizuri, nikalifungua kwa kupapasa.

Walirudi baada ya siku mbili, kwa mkokoteni uleule. Pikapu ilikuwa imesimama wazi, haina chuma, nimeipangusa mpaka vioo. Thobias alipita kando yake kama anapita kando ya jiwe. Alinipa ufunguo wake mkononi, akaenda kuwafungua ng'ombe. Alijua nilikokuwa, au alijua nisikokuwa, na hakuwa amemwambia mkewe.

Klara alishuka polepole, mikono mitupu. Mama yake alikuwa bado ndani, hajasikia kwamba wamerudi. Akaniona nimesimama, akajitanda kanga, akanijia kwa adabu yake ileile.

"Shikamoo, Mama Mwanaidi. Pole na msiba wa Shinyanga. Tulishindwa kuja kuwapa mkono."

Thobias akasimama na kamba mkononi, akanitazama. Nilisubiri aseme yeye. Akaanza kuikunja kamba.

"Marahaba," nikamwitikia Klara. "Ahsante, mwanangu. Nimeshapoa."