Matofali ya Nancy Yaliyotaka Kunirudisha Kwetu

Nyumba ilikuwa inajijenga yenyewe.

Namaanisha hivyo hivyo nilivyoandika. Naiacha asubuhi ina kuta tatu, mtoto yuko shule, mimi niko sokoni Bondeni nauza vyungu. Narudi mchana, nakuta kuta nne na ngazi.

Mtu wa kwanza kusema labda ni uchovu nilikuwa mimi mwenyewe.

Ngoja nianze vizuri, maana najua mpo mlioanza kusema huyu dada kachanganyikiwa.

Naitwa Rut. Ni Mkisi wa ziwani, kabila la wafinyanzi, upande wa Matema, nimeolewa Ipyana kwa Wanyakyusa wa mpunga na kakao. Mume wangu Dickson ni dereva wa lori, akijitahidi sana anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Tuna mtoto mmoja, Nancy, yuko darasa la tatu.

Nyumba ninayoisema si ya kulala watu. Ni ya vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea, unabananisha kimoja juu ya kingine. Nilivinunua Mbeya mjini, boksi moja, laki mbili na nusu.

Soma tena, ni hiyo hiyo. Laki mbili na nusu, hela ya vyungu vyangu, sikumkopa mtu.

Balaa lilianzia kwenye neno moja. Jumamosi ile nilivyorudi nikaweka status: "Hatimaye nimenunua matofali ya Nancy. Sasa tunajenga."

Mimi nilikuwa nafurahi na mwanangu. Wakwe zangu wakasoma wanachokijua wao. Huku ukisema matofali, watu wanawaza tanuru, kuni na moshi.

Jumatatu asubuhi shemeji yangu Ambokile, kaka yake Dickson, akatokea na wanaume watatu. Majembe begani, kamba ya kupimia msingi mkononi.

"Shemeji, mugonile. Hongera sana. Matofali yameshushwa wapi?"

Nikamletea boksi.

Akalizungusha, akalitikisa, akatazama picha ya nyumba nyeupe ya ghorofa. "Hili ni nini?"

"Matofali."

"Usinitanie mbele za watu."

"Sijakutania. Niliandika ya Nancy. Ya kulala watu umeyaongeza wewe."

Wale wanaume watatu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Ambokile hakucheka. Kumbe Jumapili baba mkwe alishasimama kanisani kuomba waumini wamkumbuke kwenye sala, maana mwanawe anaanza ujenzi. Na watu walishampa mkono wa pongezi.

Hapo nikajua kimenuka.

Sasa niwaeleze kitu, kwa wasiokaa huku. Katika familia hii mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, wenyewe wanaiita ukutila. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Hii haijalegeza hata kidogo.

Simtazami. Simtaji jina, ndiyo maana hata hapa hamtalisoma. Akiwa njiani, mimi napita migombani. Nikiwa ndani, yeye haingii. Akikohoa mahali najua yupo, najificha. Tukiwa na la kuambiana, linapita kwa mtoto au kwa mama mkwe. Nyumba zetu ziko uwanja mmoja tangu niolewe, lakini ninachomjua ni sauti, kofia na kile kikohozi chake.

Basi jioni mama mkwe akaja na ujumbe. "Baba yako amesema vitu hivyo viuzwe. Umemtia aibu mzee wa watu."

"Ndaga, asante mama. Mwambie nimesikia."

"Kwa hiyo utauza?"

"Nimesema nimesikia, mama."

Akaondoka bila kuaga.

Basi nikawa ndiyo habari ya mjini. Sokoni wananiuliza kama nimeshaezeka. Dickson akanipigia kutoka Tunduma, "Mke wangu, uza tu yaishe."

"Yaishe yapi? Hela ya vyungu ikinunua mbolea ya shamba lenu mbona hamuitishi kikao?"

Akasema mtandao unasumbua.

Lakini lililoniuma zaidi lilisemwa na mama mmoja wa Mwaya, mteja wangu kabisa. "Rut, kwenu ziwani udongo umejaa. Mtoto si angefinyanga bure?"

Nikamjibu, na jibu hilo naliweka hapa ili na wengine walisome. Kwetu udongo si mchezo. Nilianza kufinyanga nikiwa mdogo kuliko Nancy, na kila nilichofinyanga kilipanda mtumbwi kwenda kuuzwa soko la Lyulilo. Siku moja nilifinyanga bata kwa raha zangu. Bibi akalibonyeza likarudi donge, akasema bata halinunuliwi. Nilitaka mwanangu atengeneze kitu ambacho hakuna mtu atakiuliza bei. Basi.

Mama yule alichukua chungu chake akaenda. Bado ni mteja wangu.

Turudi kwenye nyumba.

Nancy alikuwa anajenga jioni akitoka shule, anafuata kijitabu cha picha kisicho na maneno. Kurasa mbili, tatu, namwambia akalale. Mimi asubuhi nafunga mlango wa mbele kwa kufuli, wa nyuma nafunga kwa kamba, naondoka.

Ndipo ikaanza kuongezeka.

Mara ngazi. Mara madirisha ya ghorofani, yamewekwa sawasawa kabisa na kijitabu. Nikamkazia Nancy macho. "Unatoroka shule?" Mtoto akalia kwa kusingiziwa. Nikamuuliza mwalimu wake, akasema hajakosa hata kipindi.

Halafu siku moja nikakuta kitu ambacho hakimo kwenye kijitabu. Pembeni ya ghorofa palikuwa na zizi. Zizi la ng'ombe, la vipande vya kahawia, lina mlango wake na uzio wake. Ndani zimesimama ng'ombe sita, kila moja kipande cheupe juu ya cheusi.

Nikazihesabu mara mbili.

Ambokile alivyosikia akapata la kusema. "Hayo ni mapepo. Unafikiri ile bei yote ni ya plastiki?"

Mama mkwe akaleta kina mama wa kanisa wakaomba. Waliomba vizuri tu. Kesho yake ng'ombe zilikuwa nane.

Nikasema hapana, huyu pepo anayefuga nitamkamata. Siku hiyo niliondoka na vyungu kama kawaida, nikaviacha kwa jirani, nikarudi kwa kunyata. Nimefika karibu na ukuta wa nyuma, nikasikia kikohozi cha baba mkwe, hapo hapo kwenye migomba.

Kanuni ni kanuni. Nikageuka, nikajifunika khanga usoni, nikajibanza ukutani mpaka nyayo zake zikaisha. Nilivyoingia ndani sikukuta mtu. Kamba ya mlango wa nyuma ilikuwa imefunguliwa, na paa lilikuwa limeanzwa.

Nikalaani bahati yangu. Nikasema mzee naye kapita saa mbaya, kanikosesha mwizi wangu.

Mnacheka? Chekeni. Mngekuwa mmelelewa kwenye heshima ile msingewaza kingine pia. Baba mkwe kuingia nyumba ya mkwewe lilikuwa jambo lisilofikirika kabisa.

Jumamosi moja wakaja wote sebuleni kwangu. Mama mkwe, Ambokile, na mwanamume mmoja aitwaye Godwin, mwenye duka la simu Bondeni, aliyekuja kununua boksi kwa nusu ya bei. Baba mkwe akakaa nje chini ya dirisha, kama kawaida kwenye kikao kinachonihusu. Nikageuza kiti nikalipa dirisha mgongo.

"Shemeji," nikaanza mimi kabla hawajaanza, "haviuzwi."

Ambokile alishajiandaa. "Mzee ameshasema viuzwe. Ama vitoke hivi, ama utoke wewe. Utakwenda kwenu ziwani mpaka ujue kutii. Na Nancy atabaki, huyu ni mtoto wa hapa."

Nancy alikuwa sakafuni karibu na nyumba yake, akaja akanishika sketi kwa mikono miwili. Nawajua wanawake waliorudishwa kwao kwa mwezi mmoja wa kutafakari. Mwezi ukawa miaka, na mtoto akazoea kumwita mwingine mama. Sikuwa na hofu ya kitu kingine chochote pale ndani, ila hiyo nilikuwa nayo.

Godwin aliinama akaikagua nyumba, akageuza kijitabu, akainama tena.

"Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Kwenye picha kuna mlango mweupe hapa chini. Hapa naona tundu."

Tukatafuta. Chini ya kochi, ndani ya boksi, kwenye mfuko wa shule wa Nancy. Mama mkwe mwenyewe alifagia mpaka uvunguni. Mlango haukuonekana.

Godwin akasimama, akajikung'uta magoti. "Mimi siwezi. Vitu hivi kikipungua kipande cha maana hakuna kitu hapo."

Ambokile akanigeukia. "Umeuficha."

"Shemeji, mimi nikificha kitu nakwambia nimeficha, halafu nakwambia tafuta."

"Toa mlango, Rut."

Hakuwahi kuniita jina. Nikajua kafika mwisho.

"Sina."

"Basi funga mizigo leo hii."

Nikaingia chumbani nikatoka na begi. Sauti haikutetemeka, namshukuru Mungu kwa hilo. Nikasema, "Nafunga. Nancy anaondoka na mimi, na nyumba yake inaondoka na sisi, ikiwa na mlango au haina. Anayetaka kunizuia asogee sasa hivi, tuvutane mpaka mmoja wetu achoke."

Hakuna aliyesogea. Nancy akaanza kulia bila sauti.

Nje, kikohozi.

Halafu kikohozi tena, na mkono ukaingia dirishani. Nilikuwa nimesimama ubavu kwa dirisha, nikauona kabla sijageuza uso. Mkono wa mkulima, mkubwa, kucha zina udongo. Katikati ya vidole viwili kulikuwa na mlango mdogo mweupe.

"Nancy," ile sauti ikasema. "Njoo upokee."

Mtoto akaenda akaupokea. "Babu, ulikuwa nao wewe?"

"Nilikuwa nao."

Mama mkwe alikaa chini taratibu. "Baba Ambokile. Umeingia nyumba ya mkweo?"

"Akiwa hayupo."

"Kufanya nini?"

"Kujenga."

"Si wewe uliyesema viuzwe?"

"Ni mimi. Nilikuja kuvitazama tu kabla havijauzwa, nijue ni kitu gani kilichofanya watu wanicheke. Nikaweka kimoja. Nikaweka kingine." Akakohoa. "Mimi nilipelekwa kuchunga ng'ombe wa baba kabla sijang'oa jino. Nikatoka kwenye ng'ombe nikaingia kwenye mpunga. Sijawahi kucheza. Mnunuzi akikosa mlango nilijua ataondoka zake, nami nitakaa kimya. Sikujua mtamfukuza mtoto wa watu kwa ajili yangu."

Nililia, ndiyo. Lakini nilianza na hasira. Wiki zote hizo natukanwa sokoni, naombewa kama mgonjwa, mwenyewe anaongeza ng'ombe zizini.

Sikukubali liishie kwenye huruma. Kumwambia mwenyewe siruhusiwi, kwa hiyo nikapitishia kwa mtoto, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Nancy, muulize babu, vitofali vinauzwa au haviuzwi?"

"Babu, mama anauliza..."

"Mwambie mama yako haviuzwi."

"Muulize babu, hela ya mama ilipotea au haikupotea?"

Ambokile alikuwa anatazama sakafu.

"Mwambie haikupotea."

Nikamgeukia shemeji. "Begi nalibeba au nalirudisha?"

"Rudisha."

"Sijasikia vizuri."

"Rudisha, shemeji. Nisamehe."

Nikarudisha. Nancy akaweka mlango mahali pake, Godwin akaniuliza lile duka la Mbeya liko mtaa gani, nikamwelekeza.

Mnaonijia inbox kuniuliza kama vitofali hivi vina thamani ya bei yake, jibu langu ni hili. Msiniletee habari ya kukuza akili ya mtoto, hiyo ni ya kumtuliza mwenye hela anayeona haya kununua raha. Wa nyumbani wakiwa wameshiba na ada imelipwa, hela ikiwa ni ya jasho lako, nunua, na usimweleze mtu sababu. Mchezo si deni la kujitetea kikaoni. Asiyechezeshwa utotoni haachi kutamani, anajifunza kutamani kwa siri, na watu wa siri ndio hao wanaopiga kelele viuzwe.

Mimi na baba mkwe bado hatuonani na hatuongei. Asubuhi sebule ni yake, jioni ni ya Nancy.

Na ukirudi kwako mchana, piga hodi kwa nguvu hata kama ufunguo uko mkononi, umpe mzee wa watu nafasi ya kuinuka sakafuni.