Kanda ya Harusi ya Dada

Dada yangu mkubwa alifika kwangu Ruiru Jumamosi asubuhi, kanda ya harusi yake akiwa ameifunga kwa leso mbili kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa ametoka Gatuanyaga mapema na vumbi la huko lilikuwa limempanda hadi kwenye soksi. Nikamkaribisha chai. Hakutaka.

"Hiyo mashine iko wapi?"

Nilikuwa nimeinunua Thika, kwa mtu anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika. Ni deki yenye midomo miwili, mmoja wa kanda za video za zamani na mwingine wa DVD, na inaweza kunakili kanda ikaingia kwenye DVD. Nilikuwa nimejigamba sana kwenye simu. Katika kanda ile mama yetu alisimama kuwapa maharusi mawaidha, na sauti yake haimo mahali pengine popote. Alifariki kabla hatujawa na simu za kurekodi.

Shida ilianzia nyuma ya TV. Waya za deki zilikuwa na vichwa vitatu: cha manjano, cheupe na chekundu. Tundu za TV zilikuwa tano, na ya manjano haikuwepo. Nilipiga magoti, nikajipenyeza kati ya ukuta na kabati na tochi ya simu mdomoni, nikachomeka cha manjano kwenye tundu ya kijani kwa kubahatisha. Sauti ya muziki wa kanisani ikatoka. Picha nayo ikaja, nyeusi na nyeupe.

"Harusi yangu ilikuwa na rangi," dada akasema.

"Naiona, dada. Ngoja."

"Si wewe ndiye mwalimu? Soma maagizo."

Maagizo hayakuwepo. Rimoti niliyopewa ilikuwa ya mashine nyingine. Muuzaji aliniambia itashika tu, na haikushika kitu. Nikazunguka kwenye menyu ya TV yenyewe nikibonyeza kila nilichokiona, rangi ikaja, sauti ikapotea. Nikarudi sakafuni kuchomoa na kuchomeka. Kiuno kiliniuma, jasho likanitoka, na kila nilipoinua kichwa dada alikuwa ameketi wima kitini, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Saa sita hivi, vyote viwili vikaja pamoja. Tukamwona dada kwenye gauni lenye mikono iliyofura kama maputo, akitembea na uso umemkunjamana.

"Ngai! Nilikuwa mwembamba hivyo?" akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tukacheka.

Kisha mama akasimama. Alishika kiti kwa mkono mmoja, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa kwa mwingine. Nikasimamisha kanda hapo hapo.

"Acha tumsikize kwanza," dada akasema.

"Tunakili kwanza. Hii kanda ni nzee, ikikwama je?"

"Mwari wa maitu, acha tumsikize."

Aliniita hivyo, binti wa mama yangu, nami sikumsikiliza. Mbele ya deki kulikuwa na vitufe viwili vyenye alama nyekundu, na maandishi madogo hata miwani haikuyafikia. Nikabonyeza kimoja. Skrini ikawa buluu.

"Mama ameenda wapi?"

"Mashine inafanya kazi. Inanakili." Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani. Nikaenda jikoni, nikaleta chai, na safari hii akaipokea. Tukanywa tukiitazama ile buluu. Nikamweleza hata jinsi nitakavyowatolea watoto wake nakala, kila mmoja na yake.

Niliporudisha kanda nyuma, mama alisimama, akashika kiti, akanyoosha kitambaa, akafungua mdomo. Buluu. Buluu ndefu, bila sauti yoyote. Halafu watu wakaonekana wakikata keki.

Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kanda badala ya kile cha DVD. Nilikuwa nimerekodi utupu juu ya mama. Kanda hizo zina kijipande cha plastiki pembeni ambacho ukikivunja hakuna mashine inayoweza kurekodi juu yake. Hakuna aliyewahi kukivunja.

Dada hakupiga kelele. Aliitoa kanda mwenyewe, akaifunga kwa leso zake, akavaa viatu. Nikamfuata hadi barabarani nikimwomba msamaha, naye akatazama magari tu.

"Nilikuambia tumsikize," akasema, akaondoka.

Kwa wiki kadhaa hakushika simu yangu. Nikaenda Witeithie kwa mama mmoja anayepiga picha za video za harusi, nikamweleza. "Kilichorekodiwa juu hakitoki, mwalimu," akanijibu. "Lakini uniletee nikutolee kilichobaki."

Kwa hiyo ilinibidi niende Gatuanyaga kuiomba. Nilimkuta dada akiwakatia mbuzi majani. Aliniacha nisimame juani hadi akamaliza, akaingia ndani, akatoka na kanda.

"Unakumbuka alisema nini?" nikamuuliza. "Walau tuandike."

Akafuta panga kwenye majani. "Siku hiyo viatu vilikuwa vinanibana, nikawa nafikiria viatu tu. Na tulipokuwa na deki yetu nilikuwa naangalia watu wakicheza ngoma. Ikifika kwa hotuba napeleka mbele." Akaninyooshea kanda. "Mimi sijawahi kumsikiza. Ndiyo maana nilikuja kwako."

Niliichukua kanda nikaenda.

Nilimuuliza shangazi yetu, ambaye alikuwa meza moja na mama siku ile. Alikumbuka tu kwamba mama aliongea sana hadi wali ukapoa. Nilipompigia dada kumwambia hayo, alishika simu na kucheka kidogo.

DVD ya kilichobaki iko tayari. Deki nimeichomoa, nimeiweka juu ya kabati, na kila nikiitazama nasikia hasira, si kwa muuzaji wala kwa waya, bali kwa ile sauti yangu ya darasani. Dada amesema niilete hiyo DVD Krismasi, kama nitakuja.