Dar Nilipanda Kila Siku

Walisema sitamaliza chuo, nitarudi Ujiji na begi tupu. Nilirudi na diploma ya masoko, viatu vya ngozi na maneno mengi. Kwa hiyo mpwa wangu Neema alipopata kazi ya ualimu Kidahwe, mbali na nyumbani, mimi ndiye niliyepewa heshima ya kumchagulia pikipiki ya kujifunzia.

"Dar nimepanda pikipiki kila siku," nilimwambia dada yangu, mama yake Neema, aliyekuwa na hofu. Ilikuwa kweli tupu, na hakuniuliza zaidi.

Nilichagua ya zamani, injini ndogo, isiyo na klachi. "Nyepesi hii," nilitamba. "Hata ikianguka, Neema ataiinua peke yake."

"Basi iendeshe wewe kwanza nione," dada akasema. "Ukinitisha, mwanangu haigusi."

Tukaenda na Neema hadi Kibirizi, ufukweni wanakoanika dagaa. Niliwasha, nikaondoka kifua mbele. Mara dagaa hao mbele yangu! Mkono ukaongeza mafuta, mguu ukakanyaga gia badala ya breki.

"Breki, mjomba! Breki!"

Nikaanguka katikati ya dagaa wa watu, pikipiki juu yangu. Neema akaja akaiinua, peke yake.

"Si ulisema Dar ulipanda kila siku?" dada akauliza.

"Nilipanda, dada," nikajibu huku nikitema mchanga. "Nyuma ya bodaboda."

Wanawake wenye dagaa walicheka hadi wakashika mbavu. Dada hakucheka.

"Neema, pikipiki nimeikubali, umeiinua mwenyewe," alisema. "Ila katafute mwalimu wa kukufundisha."