Pembe ya Nyati Katika Kipande cha Vichekesho

Ilianza Jumamosi, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, katika ukumbi wa kanisa ambao bendi yetu ya ngoma huuazima hapa Edmonton. Lilikuwa zoezi la mwisho. Kesho yake asubuhi tungeandamana barabarani. Mimi hupiga ngoma mstari wa nyuma, na nyuma ndiko ninakopenda. Nimo miaka miwili, na sidhani kama nimewahi kusema maneno hamsini.

Katikati ya onyesho letu ngoma zote hunyamaza, na wachache hujitokeza na vyombo vya kuchekesha: honi ya baiskeli, vifuniko vya sufuria, bata wa mpira anayelia akiminywa. Mwalimu wa bendi alitaka kila mtu alete kitu kutoka nyumbani. Mimi nikaleta pembe ya nyati ya mama.

Kwetu Lamu, wanawake huipiga pembe kwa kijiti katika vugo, ngoma ya harusi, wakimsindikiza bibi arusi. Nilijua hilo tu, na nilikuwa nimejipanga kulieleza. Mwalimu hakungoja. Aliichukua, akacheka, akaniwekea kichwani.

"Hii itawamaliza! Ngoma zikinyamaza, unatoka mbele, unalia moo. Hebu tusikie."

"Lia, ng'ombe!" akasema msichana mwenye bata. "Maziwa saa ngapi?"

Nikalia. Tena mara mbili, maana ya kwanza mwalimu hakuisikia.

"Safi, mpenzi. Kesho ngoma usibebe. Wewe ndiye ng'ombe wetu. Ukishalia, rudi nyuma, utembee nayo kichwani mpaka mwisho."

Nikasema sawa. Ndilo linaloniudhi hadi sasa: nilisema sawa, na asante juu.

Nyumbani nilimkuta mama ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, na sare yake ya kutunza wazee. Yeye hunisemesha Kiswahili, mimi humjibu Kiingereza. Siku hiyo nilimsimulia ya zoezini kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

"Ukaivaa?"

"Ndiyo."

"Kichwani?"

"Ndiyo, Mama."

"Na moo ukalia?"

Nikainamisha kichwa, nikingoja maneno. Mama akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka akavua miwani.

"Hebu lia nami nisikie."

"Mama!"

"We mwana, vugo lina mizaha ambayo huyo mwalimu wako angeielewa angeziba masikio. Kuchekwa si kitu. Lakini wamekucheka hujapiga hata moja! Mtu hupiga kwanza. Akiharibu, ndipo achekwe." Akavaa miwani. "Kesho utalia tena?"

Nilikwenda jikoni nikatafuta kijiti.

Kumbe mama alijua upande mmoja tu. Kwenye vugo kuna anayeanza na anayejibu, na wao walikuwa wawili, yeye na dada yake. Dada akianza, mama akijibu, miaka yote. Akajaribu kunianzia kwa mwiko juu ya sufuria, lakini kila mara mkono wake ulirudi kwenye kujibu, tukagongana. Mwisho akautupa mwiko.

"Kuanza siwezi. Kujibu nitakufundisha."

"Sasa kesho nitamjibu nani?"

"Ngoma mnazo ngapi?"

"Ishirini na kitu."

"Basi una dada ishirini na kitu. Shika pembe. Juu kidogo. Hapo."

Jumapili asubuhi tulipofika kwenye maduka ngoma zikanyamaza. Nikatoka mbele, pembe mkononi, si kichwani. Mwalimu, aliyekuwa akitembea kando yetu, akagusa utosi wake kwa kidole. Nikatikisa kichwa.

"Lia!" akanong'ona.

"Silii."

Nilidhani nimesema polepole. Mstari wa mbele wote uligeuka. Mwanamke mmoja kando ya barabara alikuwa ameinua simu kunirekodi, na kwa muda hapakuwa na kitu cha kurekodi ila mimi nimesimama. Kisha bata akalia, honi ikafuata, na kipande kikapita.

Ngoma zikaingia tena. Hapo ndipo nilipotakiwa kurudi nyuma. Sikurudi. Pigo langu la kwanza liliteleza, la pili likagongana na pigo la ngoma badala ya kulifuata. La tatu likakaa. Ngoma zikisema, nikajibu, zikisema, nikajibu. Mwalimu akanipungia mkono nirudi, na nilimwona vizuri kabisa. Nikazidisha nguvu. Nilipiga mpaka mwisho wa barabara, kiganja kikiniwaka.

"Ulidhani unafanya nini?" akaniuliza tulipotawanyika.

"Napiga pembe."

"Ilikuwa ya kuchekesha tu. Mara ijayo iache nyumbani, urudi kwenye ngoma yako."

Ngoma ile naipenda. Nilitaka kulia, na si moo.

"Nitakuja nayo," nikamwambia. "Kama haitakiwi, ngoma mpe mtu mwingine."

Nikavua kofia ya bendi, nikamkabidhi, nikaenda kungoja basi.