Dawa Niliyomwagia Sukumawiki

Kazi yangu ni kupima sukari. Kwenye kiwanda cha mananasi hapa Thika, kila saa nachukua tone la juisi, naliweka kwenye kioo cha kifaa kidogo, nafunga jicho moja, natazama kwenye mwanga, halafu naandika namba. Nimefanya hivyo miaka kumi na sita. Kwa hivyo daktari aliponiambia kwamba sukari ya mwili wangu ilikuwa juu, tena kwa muda mrefu bila mimi kujua, alidhani nitashtuka. Mimi niliona aibu tu. Nilijiona kama fundi wa mabomba ambaye nyumba yake imejaa maji hadi magotini naye amelala fofofo.

Alinipa vidonge vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akaniambia nipunguze chapati, nitembee, nirudi baada ya mwezi. Basi. Dakika nane. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika kidogo, maana mtu akipata ugonjwa mkubwa hutaka na dawa iwe na makeke yake. Vidonge vyenyewe vilikuwa havina hata harufu.

Nikaanza kutangatanga. Mwenzangu wa maabara, mzee wa Gatundu ambaye hajawahi kuugua chochote, alinipeleka kwenye bucha moja nyuma ya soko panapouzwa supu ya miti, yaani mifupa ya mbuzi iliyochemshwa na magome hadi ikawa nyeusi. "Kunywa hii wiki tatu," aliniambia, "hiyo sugar itatoka mbio, haki ya nani." Nilikunywa. Shida ni kwamba supu hiyo hainyweki peke yake. Ni lazima uikalie na nusu kilo ya mbuzi choma, na mbuzi choma haliki bila ugali, na ugali ule ni wa watu wanaobeba mizigo. Baada ya wiki tatu sukari ilikuwa imepanda. Nililaumu aina ya magome.

Halafu kulikuwa na bwana mmoja Ruiru, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, mwenye mashine ambayo unashika kijiti chake mkononi nayo inasoma mwili mzima. Nilishika kwa dakika moja. Ikatoa karatasi tatu. Ilisema ini langu limechoka, damu yangu ni nzito, na mfuko wangu wa uzazi una uvimbe mdogo. Nilimwonyesha mstari huo. Aliutazama, akanitazama, akasema mteja wa kabla yangu alikuwa mama fulani na alisahau kubadilisha. Nilinunua unga wake wa kijani hata hivyo. Sijui kwa nini. Nadhani nilimhurumia.

Haya yote ni upuzi wangu mwenyewe na hayakumuumiza mtu. Lililofuata ndilo lililoumiza.

Sisi ni watu wa Bungoma, ingawa tunaishi Mwiki. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawali meza moja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma. Kuna njia ya kuilegeza miiko hiyo, kwa zawadi na maneno ya wazee, lakini sisi hatukuwahi kufika huko. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa nilikuwa nimeuona mgongo wa mama mkwe mara nyingi kuliko uso wake. Akiwa na neno nami humwambia mke wangu, mke wangu akaniambia, hata kama sote watatu tunasikiana vizuri. Ni heshima kubwa na mimi naipenda. Ila mtu ambaye huongei naye, huwezi kumkatalia kitu.

Basi mama mkwe akasikia kwamba nina sukari. Yeye mwenyewe alikuwa nayo kwa miaka mingi, mtu wa kliniki, asiyekosa kidonge hata siku moja. Wiki ile ile likaja jerikeni la lita tano kwa basi, limefungwa karatasi ya nailoni mdomoni, ndani maji ya rangi ya kahawia yaliyochemshwa na mtu wa miti huko kijijini kwao. Mke wangu aliniletea na maagizo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Na nisichanganye na vidonge vya hospitali.

"Mama anasema miti ina wivu," alisema, akavitoa vidonge vyangu kabatini na kuvitia mkobani mwake.

Mbona mama mwenyewe anaendelea na vyake? Hilo sikuuliza. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba aliitamani sana dawa ile lakini aliiogopa, akataka kwanza kuona itamfanya nini mtu mwingine. Nilikuwa mkwe mpendwa, na papo hapo nilikuwa panya wa maabara.

Niliinywa siku nne. Sitaeleza ladha yake. Niseme tu kwamba siku ya nne nilikiacha kifaa changu kwenye mwanga, tone la juisi likiwa bado kiooni, nikakimbia kupita wasichana wote wa kumenya mananasi, na niliporudi walinipigia makofi. Siku ya tano nikangoja mke wangu aende kazini, nikafungua mlango wa nyuma, nikaimwagia sukumawiki yetu ya uani dawa yote. Nikarudi kwa daktari kuchukua vidonge vingine, nikavificha kiwandani, kwenye droo yangu, chini ya boksi la glavu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mficha dawa hawakusema lolote, nami nikachukulia kwamba wameniruhusu.

Sukumawiki ilinawiri, lazima niseme. Tuliila kila jioni.

Mwezi ukapita. Nilikuwa nameza vidonge, nimeacha chapati, natembea kutoka kiwandani hadi stendi. Asubuhi moja mke wangu alinidunga kidole, akakitazama kimashine chetu cha kupima sukari, akapiga kigelegele ambacho majirani walidhani tumepata mjukuu. Kutoka kumi na nne hadi saba! Kabla sijavaa soksi alikuwa ameshampigia mama yake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kama sekunde tano hivi, simu ikiwa bado inaita. Nilizitumia kutafuta soksi ya pili.

Na kama ningeishia kwenye kunyamaza, pengine leo ningejitetea. Lakini mimi ni mtu anayependa sauti yake. Mke wangu alisema mama anafurahi mno, anataka kusikia habari yenyewe kwa kinywa changu. Na kwa kuwa sikuweza kuongea naye, ningetuma sauti kwenye grupu la WhatsApp la wakwe, ambako ni kama unahutubia ukoo mzima na miiko haiguswi. Nilijifungia bafuni kwa sababu ya mwangwi. Niliongea dakika tatu. Nilisema mimi ni mtu wa maabara, siamini kitu mpaka nikipime, na nimepima. Nilisema Mungu hakuotesha miti kwa ajili ya mbuzi tu. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka yote kwa bahati mbaya, "Vidonge nimeviaga, na sijuti." Nikaisikiliza mara mbili kabla ya kuituma. Niliipenda.

Majerikeni yaliendelea kuja. Nikapanda mstari mwingine wa sukumawiki.

Miezi minne baadaye mama mkwe alikwaruzwa na kiatu kwenye mguu wa kulia. Hakusikia uchungu, sukari ilikuwa imeshamtia ganzi, na alipokuja kutazama vidole viwili vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Shemeji zangu walimleta kwa gari kutoka kijijini hadi hospitali ya Thika, awe karibu nasi. Mke wangu alinipigia saa nne asubuhi, nikiwa kazini.

"Njoo," alisema. "Daktari anasema vidole vitolewe leo, vikikaa mguu wote utaenda. Mama amekataa kusaini. Anasema arudishwe nyumbani aendelee na dawa yako."

"Dawa yangu?"

"Aliacha vidonge. Tangu ile voice note. Mimi pia nilikuwa sijui."

Nilifungua droo. Sijui nilitaka nini mle. Nikachukua pakiti ya vidonge, nikaitia mfukoni, nikaomba ruhusa.

Wodini kulikuwa na mtafaruku mdogo kwa sababu yangu. Muuguzi alitaka nipite hadi kwenye kitanda. Mke wangu alimzuia na kuvuta pazia, ili mimi nikae upande huu na mama yake abaki upande ule.

"Kwani mmekosana?" muuguzi aliuliza.

"Hapana. Ni mkwe."

"Haiya," alisema, akabaki amesimama pale pale. Hakutaka kupitwa.

Mke wangu alijiweka penye ukingo wa pazia, mahali anapotuona sote wawili. Nilimwona ananitegemea. Alidhani nimekuja kumbembeleza mama yake kwa ile sauti yangu nzuri. Nilianza vibaya. Nilisema mwili wa mtu mmoja si kama wa mwingine, kwamba kwenye sayansi kuna mambo mengi. Hata muuguzi alishusha pumzi. Ndipo nikatoa pakiti mfukoni, nikampa mke wangu.

"Mwambie mama hizi ndizo zilishusha sukari yangu. Nimekuwa nikizimeza kwa siri."

Aliigeuza ile pakiti mkononi. Akafungua mdomo afikishe ujumbe, kama alivyofikisha kila kitu kwa miaka kumi na tisa. Upande wa pili hakukuwa na haja, mama alikuwa amesikia.

"Muulize ile yangu alikunywa ama hakukunywa," mama mkwe alisema.

"Mwambie nilikunywa siku nne."

"Na hiyo ingine yote?"

"Nilimwagia sukuma."

Muuguzi alicheka, akaziba mdomo. Sisi wengine hatukucheka. Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu anayejaribu kuketi.

"Muulize," alisema polepole, "ile sauti ya kwa simu ilikuwa ya nani."

Mke wangu alinitazama. Hakuniuliza. Sikumngoja.

"Ilikuwa yangu, mama," nikasema, moja kwa moja, kupitia pazia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia neno bila kupitia kwa mtu. "Nilidanganya. Nilijisikia vizuri kusema. Nisamehe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kutafuna.

"Mimi nilikuwa naifungua kila asubuhi," alisema hatimaye. Hakuyaelekeza kwa mke wangu, wala kwangu. Alikuwa anasema tu. "Kabla ya kunywa. Nikihisi kizunguzungu naifungua tena. Nasema, huyu amesoma, huyu anapima sukari ya mananasi ya kwenda Ulaya kwa makopo, sasa mimi ni nani nimeze vidonge?"

Nimeshatukanwa maishani na watu wanaojua kutukana. Hakuna aliyenifikisha pale.

"Lete hiyo karatasi," akamwambia muuguzi.

Alisaini. Niseme mapema kwamba mguu ulipona, na kwamba vidole viwili havikurudi, na kwamba mke wangu hakuongea nami zaidi ya "chakula kiko hapo" kwa karibu mwezi mzima, na alikuwa na haki. Ila wakati ule hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua tu kwamba atapelekwa chumba cha upasuaji mchana, na huenda wakifungua wakute wamechelewa kwa sababu yangu.

Saa saba ilipita. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kwenye magoti, sijala tangu alfajiri. Mke wangu alikuwa kwa mama yake, nami nasikia vikombe. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, imechoka.

"Mwambie aende akule. Mtu wa sukari hakai na njaa."

Mke wangu hakunifikishia. Sikwenda kula. Walipokuja kumchukua wakavuta pazia lote kwa mkupuo mmoja, kama watu wasio na wakwe, na kitanda kikapita karibu nami kiasi cha kugusa magoti. Nikageukia ukuta kama inavyotakiwa, asinione, na mke wangu naye asinione nikilia.